Watoto Wetu na Michezo ya Kuigiza Shuleni

Wako wazazi wengi, tena wazazi wema wenye kujinyima ili watoto wao wasome, ambao wakisikia ya kuwa mtoto amebaki shuleni hadi jioni kwa ajili ya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, huuliza kwa uchungu: "Je, hayo nayo yataulizwa katika mtihani?" Swali hilo si la kudharauliwa. Baba aliyeuza magunia yake ya mahindi kabla bei haijapanda, au mama aliyevunja kibubu chake ili anunue sare na madaftari, ana haki ya kujua kila saa ya mtoto wake inatumikaje. Basi leo twapenda kulijibu, na jibu letu halitakuwa fupi, maana chini ya swali hilo dogo limejificha lingine kubwa zaidi: je, twawalea watoto wetu waweze kusema, au twawalea wanyamaze?

Tuanze na mtihani wenyewe, kwa kuwa ndio unaowatia wazazi hofu. Tamthilia imo katika masomo ya sekondari tangu zamani. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa nchi yetu vimesoma "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969. Vingine vimesoma "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe" ya Edwin Semzaba, iliyotolewa mwaka 1988. Na katika fasihi ya Kiingereza wengi wamekutana na michezo ya Wole Soyinka wa Nigeria. Kwa hiyo mtihani huuliza. La kusikitisha ni namna wanafunzi wanavyojiandaa kujibu. Aghalabu hukaa kimya madawatini, mwalimu akaandika ubaoni "dhamira", "wahusika", "ujumbe", nao wakanakili. Wako hata wasiokifungua kitabu chenyewe. Wamenunua kijitabu cha maswali na majibu kituoni mwa mabasi, wakakikariri kama mtu anayekariri nauli. Twasema pasipo kuwaonea haya: kusoma tamthilia namna hiyo ni sawa na kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumwonyesha Ziwa Tanganyika katika ramani.

Mtunzi wa tamthilia huandika nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili amewaachia watu wenye miguu, mikono na koo. Katika kitabu utaona jina la mtu, kisha nukta mbili, kisha maneno. Hukuambiwa maneno hayo yasemwe kwa hasira au kwa hofu, kwa sauti ya juu au kwa mnong'ono. Hukuambiwa yule anayesikiliza amesimama wapi, anamtazama msemaji usoni au ametazama chini. Hayo yote lazima mwanafunzi ayatafute mwenyewe, na huko kuyatafuta ndiko kusoma.

Twaa "Kinjeketile", ambayo wengi wenu mliisoma. Habari yake imetoka katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na yule Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu kweli, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti mwaka 1905. Lakini Kinjeketile wa Hussein ni mtu wa jukwaani, aliyeumbwa upya na mtunzi ili atuulize maswali yetu. Katika mchezo huo, mtu huyu amewapa watu neno la kuwaunganisha, na maji ya kuwaondolea hofu. Kisha neno limekua kuliko yeye, limemtoka mkononi, na watu wanakwenda nalo vitani naye akiwa na mashaka moyoni. Mwishoni yumo kifungoni, amepigwa, na anatakiwa atamke jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Akitamka, labda atapona. Naye anakataa.

Mwanafunzi anayesoma kimya ataandika katika daftari lake: "Kinjeketile ni jasiri. Dhamira ni umoja na ukombozi." Atapewa alama zake, na kesho amesahau. Sasa mpe mtoto wa Kidato cha Tatu sehemu hiyo aiseme mbele ya wenzake. Mara moja yatamjia maswali ambayo daftari halikumwuliza. Mtu huyu anaamini maji au haamini? Ikiwa haamini, mbona akatae kusema hivyo? Je, anadanganya? Au anaona ya kuwa likianguka neno lile leo, wajukuu wataambiwa ya kwamba babu zao walipigania upumbavu mtupu? Na yule rafiki anayemsihi aseme ili aokoke, yeye ni msaliti, au ni mtu anayempenda? Tumepata kuwasikia vijana wakibishana juu ya jambo hili njia nzima kutoka shuleni, mmoja akishikilia kwamba kiongozi hana ruhusa ya kuwaacha watu wafe kwa neno asilolisadiki, mwingine akimjibu kwamba wangekufa tu, ila wangekufa wakiwa wametawanyika. Hapana kijitabu cha kituoni kinachoweza kuzaa mabishano kama hayo. Tena mtoto aliyebishana hivyo haogopi swali la mtihani, hata likigeuzwa juu chini.

Lakini wasomaji wengine watasema: darasa la mtoto wangu lina wanafunzi sitini au zaidi, nani atapewa kuwa Kinjeketile, na hao wengine watafanya nini? Hapo twawakumbusha kazi ya mwalimu mmoja aliyepata kufundisha katika shule zetu za St. Mary's Tabora na Pugu. Julius Nyerere, hali akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa mwaka 1963 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Akairudia na kuitengeneza, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari", mwaka uleule alipotoa "Mabepari wa Venisi". Ni ajabu kidogo, kiongozi mwenye nchi changa mikononi kuketi usiku na kamusi ili aigeuze habari ya Waroma kuwa Kiswahili. Lakini mwalimu haachi ualimu. Basi katika mchezo huo, Kaizari akiisha kuuawa, Bruto anasimama mbele ya watu wa Roma na kuwaeleza sababu, nao wanamshangilia. Dakika chache baadaye anasimama Antonio, na watu wale wale wanageuka, wanalia, na kwenda kuchoma nyumba za wale waliowashangilia. Umati huo unahitaji watu, na darasa la sitini latosha kabisa. Mwalimu akiwafanya hamsini na wanane wawe umati, kila mmoja atayaona kwa nafsi yake mambo ambayo hotuba mia za uraia hazingemwonyesha: jinsi alivyopiga kelele kwa sababu jirani yake alipiga, jinsi alivyobadili nia pasipo kujua ni lini. Awaulize baada ya hapo: "Wewe uligeuka wakati gani? Neno gani lilikugeuza?" Watoto wetu watapiga kura siku moja, na wataitwa katika mikutano mingi yenye vipaza sauti.

Wako pia wanaodhani ya kuwa mambo haya ni mageni, yameletwa na sinema na televisheni, na kwamba shule zenye nidhamu za zamani hazikuyajua. Hivyo sivyo. Wajesuiti walifungua chuo chao cha kwanza cha wanafunzi wa nje huko Messina, katika Sisilia, mwaka 1548, na katika muda mfupi mchezo wa kuigiza ulikuwa desturi katika vyuo vyao. Sheria yao kuu ya masomo ya mwaka 1599 iliutaja: michezo iwe ya Kilatini, iwe michache, habari zake ziwe takatifu na za uchaji, wala asiwemo mhusika wa kike. (Neno la mwisho hilo tumeliacha nyuma, na tumefanya vema, tutaeleza sababu.) Corneille wa Ufaransa na Calderón wa Hispania, ambao majina yao hayatajwi pasipo heshima popote tamthilia inapofundishwa, wote wawili walilelewa katika vyuo hivyo.

Angalieni hasa neno lile la Kilatini. Kwa nini wavulana wa Sisilia au wa Bavaria waigize kwa lugha isiyosemwa na mama zao? Kwa sababu ndiyo lugha waliyofundishiwa, na walimu waliona ya kuwa kijana anaweza kuichambua sarufi miaka mitano na bado ulimi wake ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Jukwaani hapana nafasi ya kutafuta nomino na kitenzi. Mwenzako amekuuliza, watu wanakutazama, lazima ujibu. Je, hali hiyo haifanani na ya wanetu? Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza anakuta hesabu, jiografia na baiolojia zimekuwa Kiingereza, naye anakaa miaka minne akiogopa kufungua kinywa asije akachekwa. Mpe maneno ya mtu mwingine ayaseme, maneno yasiyo na kosa, ayarudie mara ishirini mpaka ulimi uyazoee. Akichekwa, kachekwa yule mhusika, hakuchekwa yeye. Kadhalika Kiswahili chenyewe, ambacho wengi twadhani watoto wanakijua kwa kuzaliwa nacho: tuwasikilize wakisoma kwa sauti, tutaona kama wanakijua.

Naye Mtakatifu Yohane Bosco wa Turin alilitumia jukwaa hata kwa kufundishia vipimo. Serikali ya kwao ilikuwa imeamuru kwamba tangu Januari 1850 watu waache ratili na pishi zao za zamani na kutumia mita, lita na kilo. Maskini walichanganyikiwa, na wachuuzi wenye hila walinoa meno. Bosco akaandika kijitabu, kisha akatunga mazungumzo ya kuchekesha juu ya vipimo vipya, na mwezi wa Desemba 1849 vijana wake, watoto wa mitaani na wanagenzi wa mafundi, wakayaigiza. Watu wakacheka, na wakajua lita ni nini. Twataja jambo hili kwa ajili ya walimu wa hesabu, wasije wakadhani tamthilia ni mali ya walimu wa lugha peke yao.

Twaweza kuongeza mfano wa karibu zaidi. Katika mji mdogo wa Wadowice, nchini Poland, kabla ya vita kuu ya pili, wanafunzi wa shule ya wavulana na wa shule ya wasichana waliigiza pamoja. Kijana mmoja, Karol Wojtyła, alikuwa Haimoni katika "Antigone" ya Sofokle. Safari nyingine, mwenzao alipoadhibiwa na kuzuiwa siku mbili kabla ya maonyesho, yeye aliitwaa na sehemu ya mwenzake, akaigiza watu wawili katika mchezo mmoja. Wanazi walipoiteka nchi, wakafunga vyuo vikuu na kukataza michezo ya kuigiza ya Kipoland, yeye na wenzake walianzisha mwaka 1941, katika Krakow, kikundi cha siri. Walionyesha ndani ya nyumba za watu, hawana jukwaa wala mavazi, mbele ya watazamaji wachache waliojua ya kuwa wakikamatwa ni kambi au kifo. Mchana kijana huyo alifanya kazi katika machimbo ya mawe, baadaye katika kiwanda. Mnamo Septemba 1990 wengi wetu tulimwona na kumsikia hapa Tanzania akiwa Papa Yohane Paulo wa Pili, na waliokuwapo watakumbuka jinsi alivyojua kunyamaza katikati ya maneno, hata umati mzima ukanyamaza pamoja naye. Utakatifu haufundishwi jukwaani. Lakini kule kunyamaza alikuwa amekujifunza mahali fulani.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Sisi wazazi wa nchi hii twamsifu mtoto mnyamavu. Mgeni akija, mtoto anasalimu, anainamisha macho, anaondoka, nasi twasema, "Mtoto huyu ana adabu." Adabu hiyo ni nzuri, wala hatuitukani, wazee wetu walijua kwa nini mtoto asikate maneno ya wakubwa. Lakini kuna kunyamaza kwa heshima, na kuna kunyamaza kwa mtu asiye na maneno. Mtoto akitendewa uovu na mtu mzima, iwe nyumbani, iwe njiani, iwe shuleni, iwe hata mahali patakatifu (tusiufunike ukweli huu, maana umefunikwa vya kutosha), mtoto huyo hana budi ayapate maneno ya kuusema, tena ayaseme mbele ya mtu mkubwa kuliko yeye, tena haraka. Atayatoa wapi, ikiwa maisha yake yote tumemfundisha kujibu "Ndiyo" na "Shikamoo"?

Mwaka 1996, walimu wawili wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, ambao wote wawili ni waandishi wa tamthilia, walianzisha katika baadhi ya shule za sekondari mpango uitwao Tuseme. Njia yao ilikuwa hii. Hawakuja na mchezo ulioandikwa tayari. Wanafunzi wenyewe, hasa wasichana, walikaa pamoja na kutaja mambo yanayowazuia wasisome vizuri: kazi za nyumbani zisizokwisha, njia ndefu, kukosa mahali pa kujisitiri wanapokuwa katika siku zao, wanaume wanaowavizia, na wengine wa hao wanaume ni watu wenye madaraka juu yao. Waliulizana chanzo cha kila jambo. Kisha wakalitungia mchezo, wakauonyesha mbele ya walimu, wazazi na majirani wa shule. Na mchezo ulipokwisha, watu hawakuondoka, bali walijadiliana juu ya yale waliyoyaona. Baadaye shirika la FAWE, lenye makao yake Nairobi na linaloshughulikia elimu ya wasichana wa Afrika, liliichukua njia hiyo na kuipeleka katika nchi nyingine nyingi.

Mtu atauliza: mbona wasiitishe mkutano tu, wakayasema hayo wazi? Anayeuliza hivyo hajapata kuwa msichana wa miaka 15 katika mkutano wa wazee. Akisimama na kusema, "Fulani hunisumbua," ataulizwa alivaa nini, na alitafuta nini huko. Lakini akisimama kama mhusika, kwa jina lisilo lake, akamwonyesha mtu mwenye koti anavyoita wasichana ofisini mmoja mmoja saa za kufunga shule, hapana awezaye kumkamata kwa neno lake. Na kila aliyeketi pale amesikia, na yule mwenye koti anajijua. Hila hiyo si ya kigeni kwetu. Mtani husema msibani lile ambalo ndugu hawathubutu kulitamka, na hapana anayemkasirikia. Mwanamke wa pwani huvaa kanga, na kanga ikamsemea. Wazee wetu walijua ya kuwa ukweli mwingine unahitaji vazi ndipo uweze kupita mlangoni.

Ndiyo sababu tulisema kwamba ile sheria ya zamani ya kutowaweka wahusika wa kike tumefanya vema kuiacha. Katika familia nyingi ni rahisi kumruhusu mvulana abaki kwenye mazoezi, lakini dada yake aitwe nyumbani akateke maji. Kumbe huyo dada ndiye mwenye haja zaidi.

Lipo jambo jingine ambalo Tuseme inatufundisha, nalo latupasa kulifikiri kwa kuwa shule zetu zina mapenzi makubwa na ngonjera. Mathias Mnyampala wa Dodoma, Mkatoliki mwenzetu aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyezipa ngonjera nguvu mpya, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilienea katika kila shule. Hata leo hapana mahafali bila watoto wawili wawili wakijibizana kwa vina. Twazipenda. Lakini katika ngonjera mmoja ni mjinga na mwingine ni mwerevu, na mwishoni mjinga anakubali na kushukuru. Maisha hayaendi hivyo, wala mchezo mzuri wa kuigiza hauendi hivyo. Mingi ya michezo tunayoonyeshwa siku za wazazi ni ngonjera zisizo na vina: mlevi analewa, binti hasikii, mganga anadanganya, na katika onyesho la mwisho wote wanapata cha mtema kuni huku mkuu wa shule akitikisa kichwa kwa kuridhika. Watazamaji wanacheka walipotakiwa kulia, kwa kuwa walijua mwisho tangu mwanzo. Mwalimu anayetaka kufundisha kweli na ampe mlevi sababu. Na ampe baba mkali nafasi ya kueleza anaogopa nini. Mtoto aliyemwigiza baba mkali, akalazimika kuitafuta huruma ndani ya ukali ule, atakwenda nyumbani akimtazama baba yake kwa macho mengine. Na wengine wetu tunahitaji sana kutazamwa hivyo.

Hatusemi kwamba jambo hili halina hatari. Jirani zetu wa Kenya wana tamasha la drama la shule tangu mwaka 1959, nalo limekuwa kubwa kiasi cha kufuatwa na taifa zima. Kwa ukubwa huo yamekuja majaribu. Mwaka 2013 mchezo wa shule moja ya wasichana, uliohusu ugawaji wa mali na vyeo kati ya makabila, ulizuiwa usifike mashindano ya taifa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru uonyeshwe. Aprili 2025 shule hiyo hiyo ilikuwa na mchezo mwingine juu ya utawala na vijana. Mahakama ikaamuru tena waruhusiwe, lakini mjini Nakuru wasichana waliimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani, na polisi walitumia mabomu ya machozi. Mtunzi wa michezo yote miwili alikuwa mwanasiasa.

Sisi hatuketi katika kiti cha hakimu wa nchi nyingine. Ila twasema mambo mawili kama wazazi. Moshi wa machozi si jibu la kumpa msichana aliyevaa sare, hata kama mchezo wake umewaudhi wakubwa. Pia, mtu mzima mwenye ugomvi wake na akausemee mwenyewe. Mchezo wa shule huwa bora unapotoka kwa watoto, kwa maneno yao, juu ya mambo wanayoyaona kwa macho yao. Na ukitoka huko, wakubwa watashtuka vilevile, pengine zaidi, lakini hapana atakayeweza kuuliza ni nani aliyewatuma.

Hatari ndogo ndogo zinajulikana na kila mwalimu. Sehemu kubwa hupewa kila mwaka mtoto yule yule mwenye sauti na sura, na wale walio nyuma wanabeba viti. Dawa yake ni kubadilishana: onyesho moja lisomwe na makundi matatu, na yule mwenye kigugumizi apewe zamu yake pia, maana imeonekana mara nyingi ya kuwa wenye kigugumizi huwa wepesi wa ulimi wanaposema kwa sauti ya mtu mwingine. Mwalimu asidhani kila mnyamavu lazima asimame mbele. Yupo atakayefaa zaidi kukaa pembeni na kitabu, akiwakumbusha wenzake maneno yanapowapotea. Huyo ndiye husikiliza kuliko wote, naye mwisho wa muhula huwa anaujua mchezo mzima.

Juu ya gharama hatuna mengi. Shule isiyo na ukumbi ina mwembe. Shuka mbili na kamba ni pazia. Meza ya mwalimu ni kiti cha enzi, ni jahazi, ni kaburi. Katika "Ngoswe" karani wa sensa anakwenda kijijini kuhesabu watu, na mambo yake yanaharibika kwa ajili ya binti wa mwenyeji wake: vitu vinavyohitajika ni mkoba, karatasi, kata ya pombe na kibanda. Mavazi yamo masandukuni mwenu. Mkiombwa kuazima koti la babu au kanga kuukuu, msikatae, na mkialikwa kutazama, nendeni. Kaeni mpaka mwisho, na watakapowauliza mmeona nini, wajibuni kama mnavyowajibu watu wazima.

Limebaki jambo moja ambalo wazazi wana haki kamili ya kulidai, wala shule isilione kuwa usumbufu. Mazoezi yawe na saa yake, yaandikwe, na wazazi waijue. Awepo mwalimu zaidi ya mmoja, na katika shule yenye wasichana mmoja wao awe mwanamke. Na katika majira haya ambayo giza huingia mapema, kazi na iishe saa kumi, ili mtoto anayekaa mbali afike kwao akiwa bado anaiona njia.